Oksijeni iliyonipiga chenga kwenye galaksi yenye kiini hai

Nilitaka kujua gesi ya galaksi moja ina oksijeni kiasi gani. Jibu langu la kwanza lilikuwa atomu 126 za oksijeni kwa kila atomu milioni moja za haidrojeni. Jua letu lina kama 490. Galaksi kubwa, iliyojaa nyota za uzeeni, iwe fukara kiasi hicho? Nilipompelekea msimamizi wangu alicheka tu: "Wewe joto umelipima wapi?"

Data niliipakua bure kutoka SDSS, mradi wa kupima anga, iliyokusanywa kwa darubini ya mita 2.5 iliyoko Apache Point, New Mexico. Galaksi yenyewe ni ya aina ya Seyfert 2, moja ya zile zenye kiini hai: shimo jeusi la katikati linameza gesi, na mnururisho unaotoka hapo unawasha gesi iliyo mbali. Kwa kuwa inatukimbia, mstari wa mwanga wa oksijeni ambao urefu wake wa wimbi ni angstromu 5007 niliukuta kwenye 5157. Jirani yake wa 4959 alikuwa theluthi yake, kama fizikia inavyotaka. Hapo nikashusha pumzi mapema mno.

Balaa lilikuwa mstari mwingine wa oksijeni, 4363. Mstari huo ndio unaotupa joto la gesi, nao ni kichuguu kidogo kilichokaa angstromu 23 tu kutoka haidrojeni ya 4340. Hapo kwenye 4340 nyota za galaksi hunyonya mwanga na kuacha bonde. Mimi nilianzia kupima kichuguu changu kwenye mteremko wa bonde, kikaonekana kirefu kuliko kilivyo; joto likazidi, na joto likizidi hesabu hutoa oksijeni pungufu. Wiki mbili zilikwenda nikiunda mwanga wa nyota peke yake kwa kuchanganya spektra (mwanga uliotawanywa kwa urefu wa wimbi) za nyota za umri mbalimbali, kisha nikautoa. Karibu theluthi ya 4363 ikayeyuka. Joto likashuka kutoka kelvini 15,000 hadi 13,000 hivi, oksijeni ikapanda hadi 200.

Bado. Kanuni nilizonakili zilitungwa kwa ajili ya mawingu yanayowashwa na nyota changa, ambako oksijeni karibu yote imepoteza elektroni moja au mbili. Kwenye kiini hai, mnururisho mkali hung'oa hata ya tatu na zaidi, na oksijeni ya namna hiyo haionekani kwenye mistari niliyokuwa nayo. Dalili ilikuwepo tangu siku ya kwanza: mstari wa 4686, wa heliamu iliyong'olewa elektroni zote mbili na mnururisho mkali, ulikuwa umesimama wima, nami nikaupita kama simjui mtu. Isitoshe, joto la gesi halilingani kila mahali, na sehemu za moto zaidi ndizo zinazopiga kelele kwenye 4363.

Basi nikahamia Cloudy, programu ya bure aliyoianzisha Gary Ferland mwaka 1978. Niliiachia kompyuta usiku kucha itengeneze mamia ya mawingu ya kubuni yanayowashwa na kiini hai, nikalinganisha mistari yake na yangu. Yaliyofanana zaidi yalikuwa na atomu karibu 400, lakini hata 250 au 630 zingekubalika.

Pengo ni pana, nimeliandika hivyohivyo. Galaksi ya pili nimeifungua juzi, nikaanza na 4686.