Askofu aliyehamia kijijini

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Wiki hii kuna kitu kinanikaa moyoni kuhusu hizi jumuiya zetu ndogondogo za Kikristo, tunazokutana majirani kusali kila wiki. Tunasali chapchap, Injili inasomwa, anatafakari mtu mmoja yule yule wa kila wiki, halafu daftari linafunguliwa, nani hajatoa zaka, nani bado mchango wa ujenzi, na hapo ndo saa nzima inaishia.

Nikawa namuwaza marehemu Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, kule Kagera. Vijana wengi hamumjui. Alipewa jimbo 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya ujamaa, na wakati waumini wengine wanaona ujamaa ni ukomunisti mtupu, yeye akaenda kuishi kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akashika jembe na wanakijiji wenzake. Askofu jamani! Siyo kutembelea na kupiga picha.

Na kilichompeleka ni Utatu Mtakatifu, Mungu mmoja katika Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Sisi ukituuliza Utatu tunasema ni fumbo, yameisha. Mwoleka alikuwa anafundisha kwamba Mungu hakutufunulia Utatu tuumize vichwa, alitufunulia tuuige, yaani tuishi kwa kushirikishana. Si Yesu mwenyewe alisema yote aliyo nayo Baba ni yangu?

Sasa nikuulize, kwenye jumuiya yako unamjua ambaye jana hakupika? Unajua mtoto wa nani karudishwa nyumbani toka shule? Deni lake la zaka tunalijua mpaka senti, shida yake hatuijui, na akija kuomba mtoto abatizwe tunamkazia macho, mbona hatukuoni! Viongozi wa jumuiya mnisamehe, lakini hapa tunakosea. Mtu akifa ndo tunajaa kwake na sare, alipokuwa anaumwa hata uji hatukupeleka. Matendo ya Mitume sura ya pili, pale waumini wa kwanza wanashirikishana mali zao, tunaisoma kila mwaka tunaitikia tumshukuru Mungu, tunaenda zetu. Tuanze hata na kilo ya unga, wapendwa, hata kumfulia mgonjwa nguo.

Vijiji vya ujamaa vyenyewe havikufika mbali, na wapo waliohamishwa kwa nguvu, hilo silipambi. Ila yeye alienda kwa hiari. Alistaafu 1996, akafariki 2002, na jimbo siku hizi ni Rulenge-Ngara. Mliokulia Ngara na Biharamulo enzi zake, hebu tusimulieni.