Mayai ya chokleti ya Pasaka: nilivyogawia watoto 8 kwa pauni 25

Jamani mimi nakaa Preston, kaskazini mwa England, nafanya kea, yaani kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na Pasaka ikikaribia nlikuwa naumwa kichwa kila mwaka, maana huku mtoto asipopewa yai la chokleti ni kama kwetu asiponunuliwa nguo ya sikukuu, anakuwa mnyonge mbele ya wenzake. Na wa kuwapa nnao 8: wangu wawili, wa wifi watatu, wa jirani wawili, na mtoto wangu wa ubatizo mmoja. Mayai yenyewe yanaanza kupangwa madukani Krismasi ikiisha tu, hata mti hujautoa sebuleni, kwahiyo usiseme hujaonywa.

Ila mimi Pasaka ya 2024 nliumbuka. Nimetoka shifti Jumamosi jioni nimechoka, nafika supamaketi rafu zimefagiliwa, yamebaki yale maboksi makubwa ya bei mbaya, pauni 7 moja, nikachukua matano nikajipa moyo kwamba matatu ntamalizia kesho nikitoka kanisani. Kesho yenyewe tarehe 31 Machi, siku hiyohiyo huku saa zote zinasogezwa mbele kwa saa moja, kama wanavyofanya kila Machi, tumeamka tumechelewa, misa tumeikuta katikati, tunatoka hapo mbio mpaka dukani mlango umefungwa! Kumbe England duka likizidi mita za mraba 280 haliruhusiwi kufungua Jumapili ya Pasaka, ni sheria ya tangu 1994, na mimi miaka yote niliyokaa huku sijawahi kujua sababu sijawahi kuhitaji kitu siku hiyo. Nikaishia kwenye kaduka ka kona kununua vipande vya chokleti vya kawaida nikavifunga na utepe.

Hiyo si aibu bado. Aibu ilikuja pale mtoto wa kati wa wifi alipofungua boksi lake mbele ya watu. Boksi refu kama la viatu vya buti, ndani kuna plastiki, ndani ya plastiki kuna karatasi ya kung'aa, ndani ya karatasi yai, akaligonga kwenye kona ya meza likapasuka pwaa, jembamba kama ganda la karanga, akachungulia akaniangalia, "Anti, mbona ndani hamna kitu?" Wifi akacheka mpaka akakaa chini. Mimi usiku ule sikulala vizuri aisee, nikachukua mizani yangu ya jikoni nikapima: boksi na plastiki peke yake gramu 64, yai gramu 130. Yaani nimebeba takataka kwenye basi kutoka mjini na nimezilipia.

Sasa mimi ni mtu wa Kyela, kule Mbeya, Tanzania. Nimekua kwenye kokoa, miti iko chini ya migomba, tukitoka shule tunapasua tunda kwa gongo tunamung'unya ule utando mweupe mtamu, mbegu tunatemea kwenye ndoo, hatutupi hata moja maana bibi anahesabu kwa macho. Zinafunikwa na majani ya migomba siku kadhaa mpaka zichachuke, alafu zinaanikwa. Chokleti sikuijua mpaka nakuja mjini. Kwahiyo kuambiwa kwenye kokoa hamna kitu, mimi mjukuu wa yule bibi, nliona nimechezewa kweli. Nikasema mwaka unaofuata nakwenda na akili zangu.

Na mwaka unaofuata ndo ukawa mgumu zaidi. Mavuno ya Ghana na Ivory Coast yaliharibika, hali ya hewa na magonjwa ya miti, bei ya kokoa ya dunia Desemba 2024 ikapita dola 12,000 kwa tani, wakati miaka miwili nyuma ilikuwa chini ya 3,000. Kule kijijini mama ananipigia simu anacheka, fulani ameezeka bati, fulani kanunua bodaboda, huku mimi naangalia mayai madukani yamepanda bei na yamekonda. Nikamwambia mama hiyo bati nimechangia na mimi, akasema ndaga mwanangu, yaani asante kwa Kinyakyusa.

Nikatenga pauni 25 kwenye bahasha, sitoi zaidi. Na nikaanza mapema, wiki ya pili ya Machi, Pasaka yenyewe ilikuwa 20 Aprili.

Kitu kilichonifungua macho ni maandishi madogo kwenye kile kikaratasi cha bei kwenye rafu, yale ambayo hakuna anayeyasoma. Bei kubwa inaonekana mpaka barabarani, ila chini yake pembeni imeandikwa gramu 100 ni shilingi ngapi, yaani pauni ngapi. Hapo ndo ukweli ulipo. Nlisimama na miwani yangu kama mkaguzi. Boksi moja zuri lina kikombe ndani, pauni 8, chokleti gramu 180, piga hesabu ni kama pauni 4.44 kwa gramu 100. Yai dogo la kawaida kwenye ofa ya wenye kadi ya duka, pauni 1.50 gramu 98, inakuja kama pauni 1.53. Alafu nikageuka nyuma rafu ya chokleti za kila siku, kipande cha gramu 200 cha jina la duka lenyewe pauni 1.90, yaani peni 95 kwa gramu 100! Chokleti ni ileile ya maziwa, tofauti ni umbo tu, unalipia duara.

Lakini na mimi si mjinga, mtoto hawezi kupewa kipande bapa akaambiwa hili ni yai. Raha yake ni kulipasua. Ndo nikaamua hivi, kila mtoto apate yai dogo la kupasua, shibe itoke kwenye vipande. Mayai 7 ya pauni 1.50 ni pauni 10.50. La nane ni la mtoto wangu wa ubatizo ana aleji ya maziwa, la kwake lisilo na maziwa nililipata pauni 3.50, hapo sikubana, na nilisoma nyuma ya boksi mpaka mstari wa mwisho sababu kuna mengine yameandikwa mbele hayana maziwa na nyuma wanakwambia yanaweza kuwa na chembechembe, kwa mtoto wa aleji hiyo si utani. Jumla 14. Vipande vinne vya gramu 200, pauni 7.60, nikavigawa kwenye mifuko 7 ya karatasi. Ukijumlisha kila mmoja wa wale 7 anapata zaidi ya gramu 200 kwa kama pauni 2.60. Yule wa pauni 8 anapata 180 na kikombe.

Nlikoseakosea pia kidogo. Duka moja la bei chee nliona mayai peni 75 nikataka kubeba kumi, nikageuza nikakuta hawajaandika chokleti, wameandika ladha ya chokleti. Hapa Uingereza chokleti ya maziwa inatakiwa iwe na kokoa isiyopungua asilimia 20, ikipungua hawaruhusiwi kuiita hivyo, ndo wanakuja na hayo maneno ya kuzunguka. Nikanunua moja nikaonje, mafuta matupu, yanaganda juu ya kaakaa kama mshumaa. Hiyo peni 75 nliilipa kwenye pesa ya soda yangu sikuihesabu kwenye bahasha. Watoto wa jirani ni Waislamu, watu wa Tanga, sisi Idi tunakula biriani yao nao Pasaka wanakula chokleti zetu, kwahiyo yale mayai yanayokuja na pipi laini nliyaacha, nyingi zina jelatini ya nguruwe. Na vile viyai vidogo vigumu vya rangi vya kwenye pakiti nlitamani kumjazia mdogo wa wifi wa miaka 3, pakiti niliyoshika ikaandika chini ya miaka 4 asipewe, vinakaba. Nikarudisha.

Kuna bibi mmoja pale kazini, ana miaka 86, nikamsimulia haya yote namlisha chakula cha mchana. Akaniambia yeye utotoni pipi zilikuwa za mgao, vita iliisha mgao ukabaki mpaka Februari 1953, yai la chokleti nani alikuwa nalo, mama yake alikuwa anafunga mayai ya kuku kwenye maganda ya vitunguu anachemsha. Akanielekeza kwa vidole vyake vimekunjamana, hivi, unalowesha ganda, unalizungushia, kitambaa juu, uzi, unakaza. Anakaza uzi ambao haupo.

Nikarudi nyumbani nikanunua mayai 15 kwa pauni 2.60. Maganda nliyaokota sokoni Jumamosi chini ya kapu la vitunguu, muuzaji akaniona kichaa. Nikafunga na mashuka ya zamani nikachemsha nusu saa, nikiwa na wasiwasi. Kufungua, mwe! Yametoka rangi ya dhahabu na kahawia yana mistari kama jiwe la thamani, nikayapaka mafuta ya kula kidogo yakang'aa. Mwanangu mkubwa alikataa kuamini ni ya kuku.

Jumatatu ya Pasaka hapa Preston watu wanakwenda Avenham Park kuviringisha mayai kwenye kile kilima, ni mila yao ya zamani. Nikawapeleka wote 8. Wenye mayai ya chokleti ya kununua walikuwa wanaogopa kuyaachia yasivunjike kwenye nyasi, wangu walikuwa wanaachia ya vitunguu yanakwenda mpaka chini kabisa wanayakimbilia, yaliyopasuka tukayala na chumvi hapohapo. Yule wa kati wa wifi alipasua yai lake la chokleti kwenye benchi, akachungulia ndani, akaniangalia. Nikampa mfuko wake wa karatasi kabla hajafungua mdomo.

Kwenye bahasha zilibaki peni 80. Jumanne natoka shifti napita dukani, yale maboksi makubwa yamerundikwa kwenye toroli mlangoni, la kikombe lililokuwa pauni 8 limeshuka mpaka pauni 2. Nikaongezea moja na ishirini nikalibeba, na kwenye basi namba yangu, kiti cha nyuma, nikalipasua nikalila lote peke yangu. Kikombe ndo nanywea chai sa hivi.