Kumbe na huko

Boila, ile mashine ya gesi inayotupashia nyumba na maji hapa Leeds, Uingereza, imerudi, namshukuru Mungu. Baba Neema amefaulu usaili wake, Neema ametolewa plasta mkononi, na ile harambee niliyowaeleza imesogezwa mpaka baada ya Pasaka. Wiki ilikuwa na mambo yake. Ila kinachozunguka kichwani mwangu tangu Jumanne ni maneno ya shangazi: "Kumbe na huko."

Ilikuwa simu ya video. Nipo kitandani na koti, kofia ya sufu, shuka la Kimasai juu ya duveti. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akaisogeza simu karibu na uso wake, yale macho yake mnayajua, akasema, "Kumbe na huko mnalala na makoti." Nikamjibu, "Boila imekufa, shangazi." Akasema, "Mm."

Ni pole ile? Ni kejeli? Kaishi maisha yake yote Makete, kule ambako asubuhi za Juni na Julai majani huwa meupe kwa umande ulioganda, na hajawahi kuwa na boila. Mimi ndiye niliyeondoka. Nikikutana na mtu wa Dar akaniambia "kumbe na huko", nacheka. Kwa shangazi sikucheka. Nilijibaraguza nikamuuliza habari za viazi.

Sasa, kwa wale mnaoniuliza kila mwaka nyumba ya Ulaya inapoaje wakati ni ya matofali na madirisha ya vioo viwili, ngoja niandike kabla sijasahau.

Nyumba zetu hizi za Leeds, za mstari, nyingi ni za kabla ya 1919. Ukuta ni tofali la kuchoma, unene wa inchi 9, hakuna nafasi ya hewa katikati, hakuna sufi ya kuzuia joto. Sisi tuko mwisho wa mstari, kwa hiyo ubavu mzima uko wazi kwa upepo. Fanya hesabu ya ukuta huo mmoja tu: mita za mraba 30, ndani nyuzi 18, nje nyuzi 3. Unapitisha karibu kilowati moja ya joto muda wote unaokaa pale. Ukiwasha hita ya kilowati mbili, nusu ya nguvu yake inakwenda kuwapasha joto njiwa wa barabarani, na bado hujahesabu dari, sakafu, dirisha na ule upenyo wa kuingizia barua mlangoni.

Boila ikizima nyumba haipoi mara moja. Usiku wa kwanza hewa inashuka haraka, maana hewa na makochi havina akiba. Kisha kunakuwa na ahueni ya uongo, kuta zinarudisha joto zililolihifadhi, na mtu anasema mbona tunavumilia. Siku mbili tatu baadaye akiba imekwisha. Kuanzia hapo ndani kunaifuata nje, juu yake kwa nyuzi nne hadi sita, kutokana na miili ya watu, jiko, friji na kajua kadogo. Mwanzoni mwa Januari jua linachomoza saa mbili na dakika ishirini asubuhi, na saa kumi jioni halipo. Chumba chetu cha kulala kilitua kwenye nyuzi 9. Shirika la Afya Duniani linashauri ndani pasipungue 18.

Na kipimajoto hakisemi yote. Mwili unasikia hewa na kuta kwa pamoja. Ukiipasha hewa mpaka 18 wakati kuta ziko 10, unajisikia uko kwenye 14 hivi, unaanza kugombana na kipimajoto kwamba ni kibovu. Kizima. Ukuta ndio unaokunyonya.

Kabla ya kumpigia mwenye nyumba, vitu viwili vinaangaliwa bila kufungua boila. Cha kwanza ni saa ya presha: mfumo ukiwa baridi isomeke kati ya baa 1 na 1.5. Ikishuka chini ya 0.5, boila nyingi zinajizima zenyewe. Chini ya boila kuna kampira kalikofumwa kwa waya wa rangi ya fedha, kana valvu mbili. Unafungua zote taratibu, unasikia maji yanaingia, sindano ikifika 1.3 unafunga zote mbili. Ukisahau moja, presha itapanda mpaka maji yamwagike nje kupitia bomba la usalama. Cha pili ni bomba jembamba la plastiki linalotoa maji ya boila nje. Usiku wa barafu linaganda, maji yanarudi ndani, boila inatoa sauti ya kugugumia kama mtu anayesukutua koo, kisha inazima. Unamwagia bomba maji ya vuguvugu kwa nje, si yanayochemka kwa sababu plastiki inapasuka, halafu unabonyeza kitufe cha kuwasha upya. Likiganda kila mwaka, liliwekwa jembamba mno. Linalokaa nje linatakiwa liwe nene, kama milimita 32, na livishwe sponji.

Yetu haikuwa presha wala bomba. Ilikuwa feni, na feni ikaagizwa. Fundi alikuwa na kitambulisho cha Gas Safe, yaani orodha ya mafundi gesi walioruhusiwa, nilikigeuza nyuma kuangalia kazi alizoruhusiwa, akacheka akasema wengi hawageuzi. Geuzeni. Mwenye nyumba yeye alinijibu "kesho" mpaka nikaacha kupiga simu nikaanza kuandika barua pepe yenye tarehe na picha ya kipimajoto. Sheria ya 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11, inamtaka atengeneze vifaa vya kupasha nyumba joto na vya maji ya moto. Nilikitaja kifungu. Feni ikapatikana.

Narudi kwa shangazi. "Kumbe na huko." Nilikuwa nimeshaandaa majibu, mnajua yale majibu yanayokuja ukiwa unaosha vyombo. Ningemwambia: huko kwenu mnazunguka moto, hakuna anayetegemea mashine moja ya jikoni. Ningemwambia: umeme wetu huku ni kama LUKU, unalipia kabla, na hita ya kilowati mbili kwa saa sita ni uniti 12, pauni tatu hivi, jioni moja, chumba kimoja. Ningemwambia mengi. Alhamisi akanitumia ujumbe wa sauti, mrefu, kuku wanasikika nyuma.

Hakusema pole. Aliuliza: "Huo ukuta wa kitandani kwako, unatoka jasho?"

Nikaenda kuusogeza mto. Ulikuwa unatoka jasho.

Basi nikampigia. Tuliongea muda mrefu kuliko tulivyowahi kuongea tangu msiba wa baba, na karibu yote yalikuwa kuhusu kuta. Sogeza kitanda, godoro lisiguse ukuta, upitishe kiganja. Kabati la nguo hivyo hivyo. Usilale upande wa upepo. Yeye chumba chake kinapakana na jiko, na kitanda kiko kwenye ukuta huohuo wa jiko, watoto wakigombania. Nikamwambia huku hatuna jiko la kuni, akaniuliza, "Jirani hamna?" Jirani tunaye, yule mwenye mbwa, na hita zake zinawaka kutwa. Ukuta tunaochangia naye ulikuwa na joto kwa kiganja. Tumeishi humu na vitanda vimeegemezwa ubavu wa wazi kwa sababu ndiko dirisha liliko na ndiko soketi zilikopangwa. Tulihamisha vitanda usiku uleule.

Kwa nini ukuta unatoka jasho: hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 za mvuke katika mita moja ya ujazo, ya nyuzi 10 inaishia 9. Watu wanne wanaopika, wanaooga, wanaoanika nguo ndani na kupumua tu wanatoa kama lita 10 za maji kwa siku. Mvuke ule unatafuta mahali pa baridi kuliko pote na kugeuka maji hapo. Nyuma ya kabati. Pembe ya dari. Ukikaa hivyo siku kadhaa, kuvu nyeusi inaanza, kwanza vidoadoa. Si jambo la kupuuza. Rochdale, hapo juu kidogo ya Manchester, mtoto wa miaka miwili alifariki Desemba 2020, na uchunguzi ukasema ni kuvu ya ndani ya nyumba. Kutokana na hilo ikaja sheria inayowabana wenye nyumba za jamii, za halmashauri na mashirika ya nyumba, kuanzia Oktoba 2025. Sisi wa nyumba za watu binafsi tunasubiri.

Kwa hiyo fungueni madirisha. Najua. Hata Baba Neema alinitazama kama nimechanganyikiwa. Dakika kumi asubuhi, mlango wa chumba umefungwa, dirisha wazi kabisa. Hewa ya nje ya nyuzi 3, hata mvua inanyesha, ina gramu 6 tu za mvuke; ikiingia ikapata joto kidogo inakuwa kavu na inakunywa unyevu wa ndani. Kuta hazipoi kwa dakika kumi. Ukiacha upenyo mdogo wazi kutwa nzima, hapo ndipo unapopoteza.

Tulikosana kwenye jambo moja tu. Akasema kama tuna mkaa wa kuchomea nyama, tukoleze jiko nje mpaka moshi uishe, tuingize chumbani. Hapana, shangazi. Moshi ukiisha hatari haijaisha, mkaa mwekundu unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, kichwa kinauma, unasikia usingizi, na unalala. Akanyamaza. Akasema, "Sisi nyumba zetu zinavuja upepo." Kweli, bati na kenchi vina nafasi, bila dari. Lakini nimemwambia na wale wajukuu walioweka singibodi na madirisha ya alumini wasifanye hivyo tena, nyumba haivuji kama zamani. Hakuahidi. Mnamjua. Na hita za mtungi wa gesi nazo, mbali ya hiyo hewa mbaya, kilo moja ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Unapasha chumba huku unakinywesha.

Tulichotumia sisi ni hita ya umeme yenye mafuta ndani, kwenye chumba kimoja, imechomekwa ukutani moja kwa moja. Ile inavuta kama ampea 8 na nusu, na waya wa ekstensheni uliokunjwa unaweza kuyeyuka. Kanga imeviringishwa chini ya mlango. Mapazia yamefungwa saa kumi jioni. Na blanketi la umeme la kutandika, wati 100, usiku kucha haimalizi hata uniti moja. Kumpasha mtu ni rahisi kuliko kukipasha chumba. Mpira wa maji ya moto pia, lakini angalieni shingoni: kuna kaua kadogo kamechapwa kwenye mpira, petali kumi na mbili ndizo miezi, namba ya katikati ni mwaka uliotengenezwa. Mpira wetu mmoja katikati ulikuwa na 19, yaani 2019. Nikautupa. Wanashauri usizidi miaka miwili, mpira unachakaa ndani kabla ya nje, na unapasuka ukiwa tumboni. Maji yaliyochemka yaache yatulie kwanza, jaza theluthi mbili, kandamiza hewa itoke ndipo ufunge.

Kituko cha wiki ni friza. Jikoni kulipofika chini ya nyuzi 10, nyama ikaanza kuyeyuka! Friji nyingi za milango miwili zina kihisi kimoja, kiko upande wa friji. Kikiona kuna ubaridi wa kutosha kinaiambia mota ilale, na friza iliyo chini inaachwa ijitegemee. Angalieni kibandiko ndani ya mlango: herufi SN maana yake inavumilia chumba cha nyuzi 10, N tu inataka 16. Yetu ni N. Tukapika nyama yote. Mafuta ya nazi ya nywele za Neema nayo yalikuwa jiwe tangu mwezi wa kumi, hayo hayahitaji baridi kubwa.

Nilimsimulia shangazi habari ya friza akacheka mpaka akakohoa. "Friji imesikia baridi!" Amekwishawasimulia kijiji kizima, binamu kanitumia ujumbe kuniuliza kama ni kweli. Sasa ile "kumbe na huko" siisikii tena kwa sauti ileile, ingawa jana usiku nilijikuta nikiirudia tena, na bado siwezi kuapa kwamba haikuwa na kakejeli ndani yake.

Leo chumba kiko 19. Kuta bado zina unyevu, itachukua wiki kukauka, na vitanda tumeviacha kulekule kwa jirani.

Kinachoninyima raha sasa ni pasipoti. Inaisha mwezi wa nne, lazima niende London mwenyewe kuweka alama za vidole, na ratiba ya kazini iliyobandikwa leo hainipi mapumziko hata siku moja ya katikati ya wiki mpaka mwisho wa Februari. Nani amebadilishana zamu na Sista, yule muuguzi msimamizi wa usiku, akafanikiwa?