Makontena yasiyodaiwa dimareji

Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini. Wakala wa forodha, ingawa wateja wangu wa Kariakoo wakiwa na haraka huniita "mtu wa kliaringi" tu. Kwa hiyo kontena kwangu ni kitu kinachokula pesa. Likishushwa melini, siku zake za bure zinaanza kuhesabika. Zikiisha, bandari inadai gharama za kuhifadhi, kampuni ya meli inadai dimareji, yaani tozo ya kulichelewesha kontena lake, na mwenye mzigo anakupigia simu alfajiri kana kwamba wewe ndiye uliyepanga viwango. Kontena zuri ni lile lililokwisha ondoka.

Ndiyo maana nikiingia Nafasi Art Space, kituo cha wasanii wanaofanyia kazi ndani ya makontena, pale Mikocheni kwenye maghala na karakana, macho yangu hayaendi kwanza kwenye michoro ya ukutani wala sanamu za vyuma. Yanaenda kwenye makontena yenyewe. Yamekaa. Hakuna anayehesabu siku. Ndani kuna mchoraji, kuna mtu wa nguo, kuna mchongaji. Kituo kilianza mwaka 2008, na mdogo wangu, ambaye alinivuta huko kwa mara ya kwanza kwenye tamasha lao la Chap Chap, anakwenda kama mtu anayekwenda kwa shangazi yake: hapigi hodi.

Wageni wanauliza sana kwa nini makontena, na wengi wanadhani ni mtindo. Jibu lake liko bandarini. Nchi yetu inaagiza mizigo mingi ya kwenye makontena kuliko inayopeleka nje, kwa hiyo makasha mengi hurudi matupu. Likishachakaa, kampuni ya meli inaona afadhali iliuze hapa hapa kuliko kulisafirisha likiwa na hewa. Ndiyo maana Dar es Salaam kontena ni duka la vinywaji, ni ofisi ya wakala wa pesa za simu, ni saluni. Wasanii hawakubuni kitu kigeni. Walifanya wanachofanya wauza vifaa vya umeme wa mtaani kwangu.

Watu wa mazingira wanalisifu: chuma kinachotumika tena bila kuyeyushwa. Sawa, ni kweli, la futi 20 likiwa tupu lina uzito wa zaidi ya tani 2, sehemu kubwa chuma. Lakini mimi nayajua haya makasha, na kuna mambo huwa hayasemwi kwenye picha za mtandaoni. Sakafu yake ni mbao za plaiwudi zilizotiwa dawa ya wadudu ili lisafiri bandari hadi bandari bila kubeba mchwa. Mtu anayekaa humo kutwa, tena akipenda kuchorea chini, afunike ile sakafu kwanza. Halafu dirisha. Ukikata ukuta ovyo unalegeza kasha zima, kwa sababu ile mikunjo ya bati haikuwekwa kwa urembo, inabeba. Na pale ulipokata, kama hukupaka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, hewa yetu ya chumvi haikusubiri.

Na joto! Lina upana wa mita 2.44 na kimo cha 2.59, la chuma, juani, mwezi wa Januari. Ikifika saa tano asubuhi huwezi kukaa ndani mlango ukiwa umefungwa, na rangi ya mafuta inanukia hadi kichwa kinauma.

Hapo ndipo nilipoanza kupaelewa. Watu wanatoka nje. Huyu anavuta turubai lake hadi kivulini, yule anahamishia meza ya kuchongea chini ya mti, na waliokuja kucheza ngoma wanatafuta sakafu yao hapo hapo katikati. Basi mchoraji anakaa mita mbili kutoka kwa mtu wa vyuma, anapata cheche na maoni asiyoyaomba. Nimemsikia kijana mmoja akimwambia mdogo wangu, "Dada, huo mkono umeuchora umechoka, mwenyewe hajachoka." Alinuna. Kesho yake aliuchora upya. Ukiwapa watu hawa jengo la ghorofa lenye viyoyozi, kila mmoja atajifungia na spika yake na mtakutana kwenye lifti. Wafadhili wakija na michoro yao ya majengo ya kijani, ningependa waanze kwa kupima kivuli cha uani.

Mdogo wangu anachorea mifuko ya saruji. Ile ya karatasi, anaipata kwa mafundi ujenzi, anaipiga vumbi amevaa barakoa, anaichambua tabaka moja moja kisha anaishona pamoja. Sura za vibarua anazozichora zinaachia nembo ya kiwanda ionekane kwenye paji la uso au shingoni. Mimi si mtu wa sanaa, lakini nikiziona nawakumbuka wapagazi wa kazini kwetu. Mzungu mmoja alimuuliza kama anafanya hivyo kwa ajili ya mazingira. Akamjibu kwamba kanvasi ni ghali. Jibu zuri sana hilo, na halina tofauti na la wazee. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 pale Oysterbay, alichukua vipande vya mbao za dari na rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Hakuna aliyeuita mradi endelevu. Alifariki mwaka 1972, na wachoraji wa Tingatinga wapo hadi leo.

Kinachonisumbua mimi ni ardhi. Wa rika langu tunaikumbuka Nyumba ya Sanaa, mtaa wa Ohio, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt. George Lilanga, ambaye kazi zake zilikuja kutundikwa Ulaya na Marekani, aliingia pale kama mlinzi wa usiku. Mlinzi! Palikuwa na jengo la maana, kuta za kweli, mahali pa heshima katikati ya jiji. Na kuwa katikati ya jiji ndiko kulikopaponza: kiwanja kilivyozidi kuwa na thamani ndivyo sanaa ilivyozidi kuonekana inabana nafasi. Wasanii wakatawanyika. Ukuta wa zege hauhami.

Kontena linahama. Pembe zake nane zina matundu, winchi inakamata, lori linaondoka nalo na picha zikiwa bado ukutani. Kwa mji ambao pango linaweza kupanda wakati wowote na mwenye kiwanja akabadili mawazo, hiyo ndiyo sifa ya kontena ninayoiheshimu, kuliko hiyo ya kuokoa chuma. Kituo kinaweza kufukuzwa bila kufa. Ingawa kivuli, bahati mbaya, hakipandi lori.

Sasa mdogo wangu na wenzake watatu wanataka kontena lao wenyewe, upande wa Kigamboni, na mimi ndiye nimepewa kazi ya kulitafuta. Nimewaambia: mnaingia ndani mchana, mnafunga milango, mnatazama juu. Mkiona nyota, limetoboka. Mnasoma kibati cha mlangoni kujua limetengenezwa lini. Mnanusa. Lililobeba kemikali harufu yake haitoki hata ulioshe kwa sabuni ya aina gani. Na muweke pesa ya winchi pembeni, maana kulishusha nako kuna bei yake.

Akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Kaka, wewe tafuta boksi. Sisi tunatafuta mwembe kwanza."

Kwa hiyo, kama kuna mtu ana kiwanja cha kukodisha Kigamboni, kisiwe mbali na kivuko, chenye mti mkubwa ambao hana mpango wa kuukata, aniandikie.