Fremu zilizolegea

Ilikuwa Februari, kiangazi cha Nairobi, zimebaki siku nne vijana wa gerezani wafanye mtihani wa ufundi wa useremala wa gredi ya tatu. Afande alihesabu patasi 18 ubaoni, kila moja mahali ilipochorewa umbo lake, akatia sahihi. Kijana mmoja akainua fremu yake ya dirisha. Kona ikachomoka, upande mmoja ukabaki mezani.

"Mwalimu, juzi hii niliipiga nyundo ndiyo ikaingia."

Alisema kweli. Tulizikagua fremu zote 11. Saba zilikuwa zikicheza. Mkono wao haukukosea: ndimi, yaani vichwa vyembamba vinavyoingia kwenye tundu za kona, zilikuwa theluthi ya unene wa mbao, na mabega, kingo za pembeni mwa ulimi, yamenyooka. Mbao za saipresi zilitoka soko la Gikomba zikiwa mbichi, na mimi nikazipokea hivyo. Mbao ikikauka husinyaa kwa upana. Kwa urefu karibu haisogei. Ulimi ulipungua upana, lakini tundu lilichongwa kufuata nyuzi za kipande cha kusimama, kwa hiyo urefu wake ulibaki palepale. Gundi nayo haikushika kwenye unyevu. Kabari, vipande vya mbao vya kukazia ulimi ndani ya tundu, nilikuwa sikuzitia kwa vile viungo vilibana. Hapo nilikosea.

Tulizibomoa zote saba. Kila ulimi ukapasuliwa mikato miwili kwa msumeno, na mwisho wa kila mkato tukatoboa kitundu cha milimita 3 ili ufa usipite hapo. Mdomo wa nje wa tundu tukaupanua kidogo juu na chini. Gundi, kisha kabari mbili za mbao ngumu, pigo huku pigo kule. Ukimaliza moja kwanza, fremu inapinda. Kabari nene mno iliharibu kipande kimoja. Bahati, ncha za ziada za kona zilikuwa hazijakatwa, la sivyo pembe zingepasuka.

Kijana aliyebakiza kifungo cha miezi minne hana muda wa kungoja mbao zikauke. Mbao ndizo zimtangulie: zipangwe chini ya paa, vijiti vya unene mmoja katikati, upepo upite, na kipande kimoja kipimwe kwenye mizani kila wiki hadi uzito uache kushuka.

Jioni afande alituombea nusu saa zaidi kwa mkubwa wake. Hakulazimika, nami namshukuru hadi leo. Patasi zikahesabiwa: 18.

Kesho yake yule kijana aliishika fremu kwa kona ileile, akaiinua mpaka usawa wa kifua, akaitikisa mara tatu.