Udi huu si wa arusi

Jirani yangu mmoja hapa Likoni, Mombasa, amebandika picha ya gari, Prado nyeupe, kwenye mlango wa friji. Aliambiwa kwenye semina ya kutiana moyo, moja ya hizi zifanywazo kwenye hoteli za Nyali kwa kiingilio cha kuumiza, kwamba akiitazama kila asubuhi akili itaizoea na njia ya kuipata itajifungua yenyewe. Ametazama weee! Friji ishaharibika ikatengenezwa, na Prado bado iko palepale, rangi yaanza kupauka kwa jua la dirishani.

Simcheki. Kuiandaa akili kabla ya kazi si upuuzi, na mimi mwenyewe nafanya hivyo kila siku. Ila wanaouza maarifa haya huyachanganya yaliyothibitika na yaliyoporomoka, wakayatia kwenye bahasha moja. Nimeyafuatilia kwa muda sasa, hasa tangu nianze kujisomea mitihani ya uhasibu, CPA, huku nimeajiriwa kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kwa hivyo wacha niyatenge.

Lililo imara ni hili. Mwaka 1971 wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Meyer na Roger Schvaneveldt, walionyesha kwamba mtu hulitambua neno kama "siagi" upesi zaidi likija na "mkate" kuliko likija na neno lisilohusiana nalo. Jambo hilo limerudiwa mara nyingi na halijabishwa. Mtu wa Mombasa mtajie mbaazi tu, mahamri yashafika ulimini.

Tatizo lilianza pale watu walipotaka neno liongoze na miguu. Mwaka 1996 John Bargh na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York waliwapa wanafunzi maneno yaliyovurugwa wayapange yawe sentensi. Kwa baadhi yao yalipenyezwa maneno ya uzee: mvi, mikunjo, hata Florida, jimbo wanalokwenda kustaafu Wamarekani wengi. Walipotoka, ikaripotiwa kwamba hao walitembea koridoni polepole kuliko wenzao. Habari tamu hiyo! Ikaingia vitabuni, ikaingia madarasani, na baadaye ikaingia mahotelini Nyali. Mwaka 2012 watafiti wa Brussels, Ubelgiji, wakairudia, wakapima mwendo kwa vihisio badala ya mtu na saa yake. Hawakuona tofauti. Katika jaribio lao la pili tofauti ilijitokeza pale tu wasimamizi walipokuwa wameaminishwa mapema kwamba watu watajikokota. Daniel Kahneman, aliyepata Nobeli ya uchumi 2002 na ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa akiusifu utafiti wa aina hii, akawaandikia wenye fani barua ya wazi awahimize wayarudie majaribio yao, maana imani ya watu yakaribia kuisha.

Kwa hivyo neno moja ukutani kukubadilishia maisha, mimi hapo sipo. Na wala hatukuhitaji Brussels kutuambia. Sisi twavaa maandishi tangu utotoni. Lakini tazama jina la kanga lamlenga nani. Mwenye kuivaa ashalisahau kufikia wiki ya pili. Anayelala na donge ni jirani.

Na picha za kufaulu je? Mwaka 1991 Gabriele Oettingen na Thomas Wadden waliwafuata wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Wale waliotarajia kwa dhati kwamba wataweza, walipungua zaidi. Lakini wale waliozama kwenye ndoto tamu za jinsi watakavyopendeza walipungua kidogo kuliko wenzao. Nilipolisoma hilo nilimfikiria jirani na friji yake, nikanyamaza, maana ujirani ni ujirani. Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor wa California wakaongeza lao: wanafunzi waliojiona kichwani wakisoma, wapi, saa ngapi, wamezima nini, walisoma zaidi na wakapata alama bora kuliko waliojiona wakishangilia matokeo.

Hapo ndipo anapoingia mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, na huyu ndiye ninayemtumia. Yeye asema lengo peke yake halitoshi, lifunge kwenye tukio: likitokea hili, nafanya hili. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya tafiti 94 wakakuta athari ya wastani kuelekea kubwa, na kwa mambo ya tabia za watu hiyo si haba. Mfano ninaoupenda ni wa Uingereza, 2002. Wanafunzi waligawanywa mafungu matatu kuhusu mazoezi ya mwili. Waliosomeshwa hatari za ugonjwa wa moyo, 35 hadi 38 kwa mia walifanya mazoezi wiki iliyofuata. Wasiosomeshwa hayo, vivyo hivyo. Tofauti yenyewe waiona. Fungu la tatu walisomeshwa yaleyale ya moyo kisha wakaandika siku, saa na mahali watakapofanya: 91.

Mimi tukio langu ni geti la feri. Apitaye Likoni anajua: wafika mbio, geti lafungwa puani mwako, wasimama na umati, mikokoteni huku, baiskeli kule, mtu akupumulia shingoni. Zamani muda huo niliutoa kwa simu. Sentensi yangu sasa ni hii: geti likinifungia, natoa kadi. Kadi ni vipande vya boksi nilivyovikata mwenyewe, swali mbele, jibu nyuma. Sijiulizi kama nina hamu. Geti laamua. Somo la kodi nimelipita karibu lote nikiwa nimesimama pale, japo nikiri kazini nashinda na ushuru wa forodha kwa hivyo lilikuwa rafiki tangu mwanzo. Uhasibu ndio bado tunazozana.

Nyumbani ni kugumu zaidi. Nyumba yetu haibishwi hodi, huingiwa. Sentensi ya usiku ni: nikishaswali isha, kabla sijakaa kitandani, nafukiza udi na kufungua kitabu. Kitanda ndicho adui, kwa hivyo nimekitaja kwa jina lake. Na kikwazo kingine nacho kina sentensi yake: stima zikipotea, nawasha taa ya sola na kufanya maswali ya kuandika, si ya kusoma. Oettingen ndiye anayesisitiza hilo la kukitazama kikwazo usoni badala ya kujifanya hakitakuja. Likoni stima hupotea. Kujifanya hakusaidii.

Udi huu sasa. Shangazi yangu ninayekaa naye, mara ya kwanza aliposikia harufu alitoka chumbani kashika leso kichwani.

"Wafukiza udi, kwani twapata mgeni gani?"

"Hakuna mgeni, shangazi. Nasoma."

"Hesabu zasomwa kwa udi siku hizi? Udi wa bei hii?"

Nikamweleza kwamba chetezo kidogo kile nimekiweka kwa ajili ya kitabu tu, hakitumiki kwa nguo wala kwa wageni, ili pua ikizoea, ikisikia tu ijue ni saa ya kazi. Sikumwambia kuna utafiti, maana huu ni wangu mwenyewe na sitaupigia debe. Chumba cha mtihani hakifukizwi. Lakini unanikalisha kitini, na shida yangu siku zote ilikuwa kukaa. Siku hizi natumia ubani wa bei rahisi, udi nimeacha, shangazi alishinda hiyo.

Yeye ndiye aliyenipa jambo ambalo sijaliona kwa hao wazungu wote. Ramadhani ilipoingia mpango wangu ulivunjika usiku wa kwanza. Baada ya isha ni tarawehe, baada ya tarawehe ni vikombe vya kahawa na mazungumzo, na mtihani ulikuwa Aprili. Nilikuwa nalalamika jikoni kwamba niliweka nia kubwa Januari na sasa yote yamepotea. Akanitazama.

"Mwanangu, saumu waiwekea nia lini?"

"Kila usiku, kabla ya alfajiri."

"Basi ya kitabu nayo kwa nini uliiweka mara moja?"

Sisi wa madhehebu ya Shafi ndivyo tulivyolelewa: saumu ya leo ina nia yake ya leo, ya kesho ina yake, na ina mpaka wa saa. Mtu hasemi nitafunga mwezi huu akaishia hapo. Nikaihamisha sentensi yangu kwenye daku. Nikishakunywa maji ya mwisho na kunuia saumu, nanuia na ukurasa: leo ni huu, mpaka hapa. Kisha naswali alfajiri na kukaa. Ule muda kati ya alfajiri na pambazuko, kaskazi imetulia na tuktuk hazijaanza kelele, ndio uliovusha mtihani wangu. Baada ya Idi niliurudisha usomaji usiku, lakini kunuia ukurasa sijakuacha. Naandika kipande kidogo kabla ya kulala, ukurasa na mpaka, nakiweka juu ya chetezo.

Shangazi naye amelichukua. Ana presha, na dawa yake ya asubuhi alikuwa akiisahau mpaka kliniki wakamgombeza. Sheeran na Sheina Orbell walishaonyesha 1999 kwamba waliopanga wapi na lini watameza vidonge walivisahau mara chache zaidi, kwa hivyo nilikuwa na uhakika wangu. Nikamwambia afunge kidonge kwenye chai.

"Na siku nikinywa chai kwa jirani?"

Swali zuri. Tukatafuta kitu asichokikosa. Anauza mahamri mlangoni, na hakuna asubuhi asiyopika, hata akiwa mgonjwa hupika akinung'unika. Sentensi yake ikawa: hamri la kwanza likiingia mafutani, nameza. Kikopo cha dawa kimehamia rafuni, karibu na iliki, mbali na moto. Wiki iliyopita mtoto wa mteja alimuuliza kama dawa ile ndiyo inayofanya mahamri yake yaumuke hivyo. Amemjibu ndiyo, na amemkataza asimwambie mtu.