Andika alivyosema bibi, hesabu zako weka pembeni

Wale mnaokusanya habari za ukoo, iwe kwenye daftari au Excel, nawaomba kitu kimoja: mzee akisema jambo liandikeni hivohivo, mahesabu yenu yawe na kolamu yake. Kwetu watu wanageuza juu kwa juu, bibi kasema "nilizaliwa kabla kidogo ya uhuru", mjukuu anaandika 1961 basi imeshakuwa 1961, kumbe bibi wa watu anaweza kuwa wa 1957 na siku hizi hayupo wa kuulizwa. Andika "kabla kidogo ya uhuru", pembeni weka "labda 1957 hadi 1961", na nani kasema.

Mwezi andika kwa herufi. 3/4/1958 ya binamu aliyekulia Marekani ni Machi 4, ya wewe wa Tanga ni Aprili 3. Na ukikuta nusu ya ukoo wamezaliwa 1/1, ujue karani alikuwa anajaza fomu tu.

Sie wa pwani tuna hijria pia, yaani kalenda ya Kiislamu. Nyuma ya msahafu pameandikwa 1340, usikimbilie kuweka 1921, mwaka ule ulianza Septemba 1921 ukaisha Agosti 1922, so kama mwezi haujatajwa weka yote miwili na hiyo 1340 ibaki. Halafu wazee siku yao inaanza magharibi, aliyezaliwa "usiku wa kuamkia Ijumaa" na wa "usiku wa Ijumaa" ni walewale, kalenda ya ukutani inasema bado Alhamisi mpaka saa sita usiku.

Majina sasa, hapo ndo balaa. Tuseme Mwanaidi binti Salim kwenye cheti cha ndoa, mtaani Mama Juma, wajukuu wanamwita Bi Mkubwa, ukiangalia mti wa ukoo wametokea wanawake watatu! Mi naweka juu jina la kuzaliwa na la baba, mengine yote yanafuata chini, na kila mtu ana namba yake maana watoto wanapewa majina ya babu zao na kina Salim wamejaa. Mwanamke usimwandike kwa jina la mume, utapoteza upande wa kwao wote.

Tahajia za makaratasi pia usiguse. Mohamed wa cheti abaki Mohamed hata kama mwanawe kaandikwa bin Muhammad. Karatasi za Mjerumani zina Udschidschi, ndo Ujiji hiyo, iache ilivyo na Ujiji andika pembeni, ukirudi kutafuta kwenye nyaraka zao utaihitaji ile ya kwao.